Mwaka wa Kuombewa Kozi

Juzi tumemaliza matanga ya Mama Skola, pale Ilembo. Wanawake walipokwisha kuosha masufuria ya kukodi na kuyaegemeza ukutani yakauke, niliomba ufunguo wa chumba cha nyuma, kile nilichopanga mwaka wangu wa kwanza wa chuo. Sikuwa na sababu ya maana. Nilitaka tu kukaa humo kidogo. Siku hizi chumba ni stoo: magunia ya mpunga hadi usawa wa dirisha, pikipiki isiyo na injini, na kuku anayeatamia ndani ya beseni la plastiki ambaye alinitazama kwa chuki. Kabula akaingia bila hodi, kama alivyokuwa akiingia miaka ile. Tulikuwa hatujaonana tangu harusi ya mwanawe. "We Mpimbwe," akasema, "watu wanakutafuta ukale, wewe umekuja kumsumbua kuku. Kuna nini humu?" Nikamwambia hamna kitu. Akakaa nami juu ya magunia, mabega yetu yakagusana.

Nilianza chuo bila kujua nimekwenda kusomea nini. Chuo chetu kilikuwa kidogo, pembeni mwa mji wa Mpanda, na hakipo tena. Majengo yake yamekuwa ghala la mahindi. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mwaka wa kwanza wote tunasoma pamoja, udongo, hesabu, afya ya wanyama, hata namna ya kuendesha mkutano wa kijiji, na kabla ya kufunga mwaka kila mmoja anasimama mbele ya mkuu wa chuo na kutaja njia yake: kilimo, mifugo, nyuki au maendeleo ya jamii. Asiyetaja, nafasi yake anapewa mwingine na yeye anarudi kwao. Mimi kwetu ni Usevya, na nilijua kilichokuwa kinanisubiri huko: jembe, na mwanamume fulani wa Kibaoni mwenye mashine ya kukoboa, ambaye alikwisha kuanza kuniulizia kwa wakubwa. Kwa hiyo nilijua vizuri sana nisichokitaka. Hicho ndicho kitu pekee nilichokijua, na hakuna chuo kinachokifundisha.

Swali lilikuwa moja, kila mahali. Aliniuliza muuza vocha, aliniuliza fundi wa viatu, aliniuliza mama niliyesimama naye bombani na ambaye hata jina langu halijui: "Unasomea nini?" Nikijibu kwamba nasoma chuo, walisema sawa, lakini chuo cha nini? Nilianza kupita njia za nyuma kama mtu anayekwepa wadai. Darasani nilihama kiti mara kwa mara, kana kwamba uamuzi ulikuwa umekaa upande wa dirishani. Wiki hii nilijiona mashambani na buti za mpira, wiki ijayo nilimwonea wivu mwenzangu yeyote aliyekuwa na kalamu nzuri na sura ya kujua aendako. Alasiri nilitembea hadi stesheni kutazama mabehewa yakipakiwa, nikarudi, chai haijachemka nikatoka tena. Miguu ilikuwa na haraka na kichwa hakikuwa na pa kuituma. Nilidhani ni ujana. Sasa nina mvi, na bado nikikaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa goti linaanza kucheza.

Kabula ndiye niliyepanga naye. Vitanda vyetu viwili vilijaza chumba, na katikati ilibaki nafasi ya kupita mtu mwembamba akienda upande upande. Yeye alikuwa amechagua tangu utotoni. "Mimi mifugo," alisema siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua begi. "Ng'ombe wa baba wanakufa kila masika, watu wanasema wamerogwa. Mi nataka nimjue huyo mchawi anaitwa nani." Aliniudhi hasa kwa usingizi wake, mtu aliyeshajua maisha yake analala kama gogo. Ukoo wake, Wasukuma, walihamia na ng'ombe upande wa kwetu, na ng'ombe hao waliwahi kuingia kwenye mpunga wa ndugu zangu, yakawepo maneno, na baada ya maneno fimbo. Sijui kama Wapimbwe na Wasukuma ni watani wa jadi; wazee wengine wanasema ndiyo, wengine wanakataa. Sisi tulijitangazia utani wiki ya kwanza, maana ama ilikuwa hivyo ama tulale kila mmoja na fimbo yake. Mimi nilimwita mla michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama yake alimtumia kwa gunia, na ambavyo jioni nilikuwa wa kwanza kuvichemsha na kuvila na karanga. Yeye alisema Wapimbwe wakisikia nyuki amepita wanaacha hata maiti kaburini wakafuate asali. Sheria ya utani ni fupi: mtani hakasirikiwi, na mtani haombi radhi. Nilikuja kuijutia sheria hiyo.

Mama Skola alikuwa mwenye nyumba. Mfipa, mjane, binti yake Skolastika ameolewa Sumbawanga, na upweke wake wote aliumalizia jikoni. Kodi yetu haikujumuisha chakula, lakini ukipita mlangoni kwake wakati anapakua hupiti. Kuta za nyumba ile hazikufika paani, kwa hiyo maneno ya sebuleni yalikuwa ya wapangaji wote. Jioni moja nimelala chali nilimsikia akichambua dagaa pamoja na jirani yake. "Yule wa Usevya hajui anataka nini," alisema. "Ukimuuliza anasema ataona. Ataona nini? Asiyechagua kipande sahanini si ataachiwa mifupa?" Jirani akasema, "Si aolewe tu." Mama Skola akajibu, "Na nani? Huyo hata kanisani padri akimuuliza unamkubali huyu, atasema ataona." Wakacheka hadi nikasikia ungo umeanguka. Mimi nami nilicheka, nimeuma shuka. Halafu nikamsikia akisema kwa sauti nyingine, ya chini, "Ananitia huruma lakini. Jumamosi nitamweka kwenye maombi." Ningejua maana yake, ningetoka kitandani mbio nikamzuie.

Jumuiya yetu ndogondogo ilikutana kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Aliyewahi kukaa kwenye jumuiya anajua kwamba sehemu ngumu si Injili, ni pale watu wanapoanza kutaja nia zao. Hapo hakuna siri ya mtu. Mama Skola alifumba macho, akavuta pumzi. "Tumwombee binti yetu Veronika, yuko chuoni na hajui anasomea nini. Mungu amfunulie kozi. Ee Bwana." Wote wakaitika, "Utusikie," hata watoto waliokuwa wakipigania mkeka. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Nikawa na nafasi yangu ya kudumu, baada ya mguu wa bibi mmoja uliokuwa haupoi na kabla ya mvua iliyochelewa. Kibaya zaidi, nia ikishaombwa inakuwa mali ya jumuiya, na wana haki ya kuuliza imefika wapi. "Vipi, umefunuliwa?" waliniuliza sokoni kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama mmoja aliniota nimevaa koti jeupe, akanifuata hadi chuoni kunieleza. Mwingine alisema nichukue maendeleo ya jamii kwa sababu nina sauti inayofika nyuma. Mwenyekiti wetu, Mzee Liberatus, yeye hakushauri chochote. Aliitika "Utusikie" kwa nguvu kuliko wote, akanitazama, akatazama chini.

Mvua zilikuwa zimeshaanza siku jumuiya ilipokutana kwetu. Kabula hakuwa Mkatoliki, lakini alikaa nasi kwa heshima ya chai na mihogo. Mama Skola alipofika kwenye jina langu, Kabula akadakia, mdomo umejaa. "Mama, nyie mnamchosha Mungu bure. Huyu Mpimbwe ameshachagua siku nyingi, anasomea nyuki. Mlishaona wapi Mpimbwe akaacha asali?" Tulicheka wawili tu, yeye na mimi. Mzee Liberatus alikuwa amesimama. Ujanani alikuwa mrina asali, mtu wa kukaa porini msimu mzima, na mikono yake ilikuwa bado na makovu ya moto. "Bwana ametenda," akasema, na kabla sijafungua mdomo akaanzisha wimbo wa shukrani. Vigelegele vikapigwa. Mama Skola akanikumbatia huku analia machozi ya kweli, shavu lake lina harufu ya moshi na vitunguu. Juu ya bega lake nilimwona Kabula, muhogo umeganda mkononi.

Nikisimulia, watu huuliza kwa nini sikukanusha palepale. Jaribuni nyie kuusimamisha wimbo wa shukrani ukishaingia sauti zote nne. Na tena, lazima niseme, kulikuwa na raha yake. Wiki ile nzima nilipoulizwa unasomea nini nilijibu nyuki, na watu wakasema "ahaa," wakaendelea na shughuli zao. Sikuwa najua jinsi nilivyochoka. Nilianza hata kujiambia kwamba labda ndivyo Mungu anavyojibu. Aliyemtumia punda wa Balaamu angeshindwaje kumtumia Kabula? Nilimweleza Kabula wazo hilo naye akalipenda mno, akaanza kudai aitwe nabii. Nilipita barabara kubwa, kifua mbele. Ila usiku, nikizima taa, nilihisi kama nimelala kwenye kitanda cha mtu ambaye anaweza kurudi wakati wowote.

Jumamosi ya pili wakafanya sherehe. Kila nyumba ilileta chake, mchele, kuku, nyanya, masufuria yakapangwa uani, na watoto wakaimba. Kisha Mzee Liberatus akaingia akisukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli amefunga mzinga wa gogo, mpya, bado unanukia mti. Alikuwa ameuchonga mwenyewe wiki ile, mzee wa umri ule, viganja vimetoka malengelenge. "Huu wa kuanzia, binti yangu," alisema. Watu wakapiga makofi. Nilipewa sahani kubwa na kipaja cha kuku, nikatafuna, na kile chakula hakikushuka. Wote walikuwa wananipenda, hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilitazama nyuso zile moja moja, na nikagundua kwamba nimerudi palepale nilipopakimbia: watu wema wamekaa, wamekubaliana, wamepika, na kinachotakiwa kwangu ni kunyamaza tu. Yule mwenye mashine wa Kibaoni naye angekuja na sherehe kama hii. Nilipata hofu ambayo sikuwahi kuipata hata kwenye mtihani.

"Basi kaseme," Kabula aliniambia chumbani, baada ya kuniona nikizunguka kati ya vitanda siku nzima. Nikamwambia aliyesema ni yeye. "Mimi ni mtani, siombi radhi," akasema. "Ila wewe unaweza kukataa. Nani kakukataza?" Ilinichukua Jumamosi mbili zaidi. Ya tatu, watu walipoanza kutaja nia, nikatangulia kabla ya ule mguu wa bibi. Nilisema, "Naomba mniombee tena. Sijachagua. Ile ya nyuki ilikuwa utani, na mimi niliogopa kusema." Watu wale walikuwa wamezoea maombi yasiyojibiwa, wanayavumilia miaka na miaka. Lakini hakuna aliyewahi kurudisha jibu. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo nje. Mzee Liberatus alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Ndipo Mama Skola, macho ameyafumba vilevile, akasema, "Ee Bwana, utuwie radhi. Tulikushukuru kabla hujatoa." Watu wakaitika "Utusikie" kwa mazoea. Kisha mtu wa pembeni akashindwa kujizuia, akacheka, na sebule nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka hadi nikalia, na kile kilio hakikuwa cha kicheko.

Nilimfuata Mzee Liberatus nyumbani kwake. Alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi, na hakuinua kichwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Nina hasira na wewe, lakini kaa." Nikakaa, nikachukua hindi, nikaanza kumsaidia. Akasema, "Usidhani sikujua ni utani. Mimi si mtoto. Yule Msukuma ana muhogo mdomoni, atafunuliwa nini?" Nikamuuliza mbona basi alianzisha wimbo. Alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu. "Kwa sababu ndicho nilichokuwa naomba. Nyie mnasema tumwombee Veronika, mimi naomba nyuki wangu wapate mtu. Wanangu wako mjini wote, hakuna anayetaka hata harufu ya moshi wa kurinia. Nikasema, huyu hajui anataka nini, basi na achukue hiki." Nilimwambia pole. "Pole ya nini?" akanikemea. "Pukuchua." Tulimaliza debe lile. Njiani nikamkumbuka yule mama wa koti jeupe, ambaye aliwahi kunieleza kwamba alikosa nafasi ya unesi akiwa na umri wangu. Kila aliyeniombea alikuwa anaomba chake alichokikosa. Hasira zangu kwao ziliisha pale njiani, na zilipoisha hali ikawa mbaya zaidi, maana sikuwa tena na wa kumlaumu. Nilibaki na swali langu.

Siku ya kuchagua ilifika na sikuwa nimefunuliwa. Mkuu wa chuo aliita majina moja moja, mwenye jina anasimama, anataja, anapigiwa makofi, anakaa. Kabula alisema "Mifugo" kabla jina lake halijaisha kuitwa. Mimi niliposimama nilijaribu njia niliyoibuni asubuhi ile nikipiga mswaki: nilijiuliza nikikosa ipi itaniuma. Maendeleo ya jamii haikuniuma. Mifugo haikuniuma. Nyuki iliniuma kwa ajili ya Mzee Liberatus. Kilimo kiliniuma kidogo, mahali fulani chini ya mbavu, kama kichomi cha kukimbia. "Kilimo," nikasema. Hakuna kilichotokea. Walipiga makofi yale yale waliyowapigia wengine, na jina lililofuata likaitwa.

Mama Skola alikuwa anasonga ugali niliporudi. "Umetaja?" "Nimetaja, mama. Kilimo." Aliendelea kusonga. "Umechagua mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. "Una uhakika?" Ningeweza kumpa jibu la kumfurahisha, alikuwa ameniombea mwaka mzima. Nilisema, "Sina." Akageuza ugali, akaukanda pembeni kwa mwiko hadi ukawa mviringo, akaufunika. "Basi safari hii hatushukuru," akasema. "Siku utakayokuwa na uhakika uniambie, tutashukuru na kuku. Leo tunakula tu." Tukala, na dagaa, na mimi nilikula kuliko siku ya sherehe.

Nimekuwa bibi shamba, mshauri wa wakulima, tangu hapo, miaka mingi, zaidi upande wa Mpimbwe, kwenye mipunga ya watu. Zipo asubuhi nimesimama kwenye tuta, mkulima ananionyesha jani lenye madoa, na najua kwamba hapa ndipo pangu. Kesho yake naamka nataka kuacha kazi niende popote. Nimewahi kuandika barua ya kuacha zaidi ya mara moja. Mama Skola alikuwa akinipigia simu, na kabla ya kuuliza watoto hawajambo aliuliza, "Vipi, tushukuru?" Nikasema, "Bado, mama." "Haya, tunasubiri." Alisema hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayengoja mvua, ije au isije.

Mwezi uliopita walinipigia kwamba hali yake si nzuri. Nilimkuta sebuleni, wamemhamishia kitanda pale ili asikie watu wakizungumza. Alikuwa amebaki mdogo sana. Nilikaa, nikamshika mkono, na nilitaka kumpa kitu, kitu chochote, maana alikuwa amenisubiri maisha yangu yote ya ukubwani na hakuna mwingine aliyewahi kunisubiri namna ile. Nikainama sikioni kwake. "Mama," nikasema, "tushukuru."

Alifumbua macho. Alinitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama mchele kabla ya kununua.

"Muongo," akasema, akanibana vidole kwa nguvu alizobaki nazo, na hatukushukuru.